Kihamba Hakizai Kihamba: Wingi wa Watu na Riziki ya Mlimani

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kila msimu wa kahawa unapofunguliwa, katibu wa chama cha msingi hufungua daftari la wanachama na kuandika kilo zilizofikishwa mizanini. Aghalabu daftari hilo husomwa kama hesabu ya fedha tu. Lakini katibu aliyekaa kazini miaka ishirini, akiligeuza ukurasa baada ya ukurasa, huona jambo jingine. Huona jina la mzee aliyekuwa akileta magunia, likafuatwa na majina ya wanawe wanne wanaoleta debe moja moja. Baada ya hao huja wajukuu ambao majina yao hayamo daftarini kabisa, ingawa kila mmoja wao aujua mpaka wa kipande chake hadi kwenye sale la mwisho. Mazungumzo haya yanahusu jambo hilo: wingi wa watu juu ya ardhi isiyoongezeka, na wajibu wa ushirika mbele ya hali hiyo. Mfano uliochaguliwa ni miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kwa sababu hapo tatizo ni la siku nyingi na ushirika nao ni wa siku nyingi.

Kwanza hesabu. Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta katika Mkoa wa Kilimanjaro watu wapatao laki sita na nusu. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta watu 1,861,934. Kwa hiyo katika miaka hamsini na mitano idadi imekaribia kuwa mara tatu. Ukigawanya watu hao kwa eneo la mkoa, lililo kama kilomita za mraba 13,250, kila kilomita moja ya mraba inapata watu 140 hivi, yaani mara mbili ya wastani wa Tanzania nzima. Hata hivyo wastani huo unaficha mengi. Ndani yake yamo mapori ya tambarare yenye ukame, umo msitu wa hifadhi, na kimo kilele cha mawe na barafu ambako hakuna mtu anayelima. Watu wengi wamebanana katika ukanda mwembamba wa vihamba, ulio kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko nyumba huonana kwa nyumba, na mgeni hawezi kutambua kijiji kimoja kinaishia wapi na cha pili kinaanzia wapi.

Haifai kudhani kwamba wingi huo ulikuja kwa bahati mbaya. Watu hukaa wengi pale ambapo ardhi inawalisha. Udongo wa volkano, mvua ya mlimani, na maji yaliyoongozwa kwa mifereji ya asili, ile mifongo iliyochimbwa na mababu, vilifanya kihamba kiwe shamba la ajabu. Juu kabisa husimama miti mirefu ya kivuli kama mringaringa na mruka; chini yake migomba; chini ya migomba mikahawa; na chini ya mikahawa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe hafungwi malishoni, bali hulishwa zizini kwa majani ya migomba na nyasi za kukatwa, na samadi yake hurudi shinani. Kwa njia hiyo eneo dogo lililisha nyumba kubwa, vizazi kwa vizazi, bila ardhi kuchoka.

Kahawa, iliyoletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, iliingia katika mpango huo bila kuuvunja. Ikaleta fedha ya ada ya shule, ya bati, ya hospitali. Mwaka 1925 wakulima Waafrika wakaunda chama chao, na mwaka 1933 ikaandikishwa KNCU. Ni dhahiri kwamba msongamano wenyewe uliusaidia ushirika. Pale ambapo wakulima mia tatu wanakaa katika mwendo wa saa moja kwa miguu, ni rahisi kuwa na ghala moja, mizani moja na mkutano mkuu unaojaa. Wingi wa watu, basi, si laana. Wingi wa watu ulijenga shule, barabara na vyama. Shida huanza pale kugawana kunapokuwa kukubwa kuliko kuzalisha.

Hapana budi kukumbuka jinsi ardhi ilivyogawanywa zamani. Kwa desturi, mwana wa kwanza wa kiume alipewa sehemu yake, na kitindamimba akabaki katika kihamba cha wazazi, awatunze uzeeni na kuyatunza makaburi. Wana wa katikati walipewa pori, au waliomba kwa Mangi ardhi ambayo haijafunguliwa. Desturi hiyo ilikuwa na akili yake maadamu pori lilikuwapo. Pori likaisha. Juu kuna mpaka wa msitu. Chini kuna joto, ukame na mashamba ya watu wengine. Tangu hapo mwana wa katikati hakuwa na pa kupelekwa, na baba mwenye huruma hakuwa na la kufanya ila kukata kihamba chenyewe.

Na uchukuliwe mfano wa hesabu. Mzee ana ekari mbili na wana wanne. Akigawa sawa kwa sawa, kila mmoja anapata nusu ekari. Kila mwana akiwa na wana watatu, mjukuu anapata sehemu ya sita ya ekari, yaani kipande chenye ukubwa wa mita 26 kwa mita 26. Kwa kipimo cha zamani cha futi tisa kwa tisa, ekari moja huchukua mikahawa 540 hivi. Kwa hiyo kipande hicho kingechukua mikahawa 90, kama hapana nyumba, wala mgomba, wala zizi, wala njia, wala kaburi. Lakini hayo yote yapo. Mjukuu huyo hawezi kuitwa mkulima wa kahawa. Ana kiwanja chenye mikahawa michache, na hakuna bei ya kahawa, hata iwe nzuri namna gani, itakayomsomeshea watoto kwa kiwanja hicho.

Madhara ya hali hiyo hayaji siku moja. Kwanza hupungua majani ya ng'ombe, na akina mama hulazimika kubeba mabua ya mahindi na nyasi kutoka tambarare, au kuzinunua. Ng'ombe akipungua, samadi hupungua. Samadi ikipungua, mgomba huzaa mkungu mdogo na mkahawa hukonda. Kisha mti wa kivuli hukatwa, kwa sababu mbao zina fedha ya haraka. Kivuli kikiondoka, jua hukausha udongo na mvua ya masika huuchukua. Hivyo kila hatua ya kuokoa mwaka mmoja huharibu miaka kumi inayofuata.

Msitu nao unabanwa. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu wa hifadhi ili wananchi wapate kuni, nyasi na mbao bila kuingia ndani. Watu walipozidi, ukanda huo ulichoka. Mwaka 2005 msitu uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na masharti yakawa makali zaidi. Wako wanaolalamika, na malalamiko yao yana msingi, kwa kuwa mama asiye na kuni hawezi kupika sheria. Hata hivyo inafaa kila mwanachama afahamu maji ya mfongo wake yanatoka wapi. Wengi husema yanatoka kwenye barafu ya Kibo. Barafu hiyo kweli inapungua. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake imepotea. Lakini mvua nyingi upande wa kusini hunyesha katika ukanda wa msitu, na msitu ndio unaoyapokea maji, kuyahifadhi na kuyatoa polepole. Anayefyeka msitu anaufunga mfongo wake mwenyewe, na wa jirani aliye chini yake.

Juu ya maji, tambarare imekwisha kutoa fundisho. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na mpunga ukastawi sana. Wakulima wa sehemu za juu ya mto walipoiona faida hiyo, nao wakachepusha maji wakalima mpunga. Hapakuwa na mwizi katika habari hiyo. Kila mmoja alitafuta riziki. Lakini maji yaliyotosha mashamba ya mradi hayakutosha mashamba ya wote, na baadhi ya majaruba yaliyojengwa kwa gharama kubwa yakakosa maji. Fundisho ni kwamba mahali penye watu wengi, tendo la mmoja halibaki kuwa lake peke yake.

Sasa lipo jambo ambalo mara nyingi halisemwi. Katika muda uleule wa 1967 hadi 2022, watu wa Tanzania nzima waliongezeka kutoka milioni 12 na kitu hadi milioni 61 na kitu, yaani mara tano. Mkoa wa Kilimanjaro haukufikia hata mara tatu. Tofauti hiyo imetoka wapi? Sababu moja ni kuwa wazazi, hasa waliosoma, wamepunguza idadi ya watoto. Sababu nyingine kubwa ni kuwa mlima umekuwa ukitoa watu. Vijana wamekwenda Moshi mjini, Arusha, Dar es Salaam na kwingineko. Wamekuwa wafanyabiashara, walimu, mafundi na madereva. Hurudi wakati wa Krismasi, nyumba zikajaa, barabara zikajaa, kisha Januari mlima ukawa kimya.

Hapa ndipo penye kitendawili ambacho makatibu wanakijua zaidi ya mtu mwingine yeyote. Vihamba vimejaa haki za watu, lakini havina mikono ya watu. Kipande kimoja kina warithi sita. Watano wako mjini, na wa sita ni mama mjane mwenye miaka sabini. Mikahawa ilipandwa na marehemu baba mkwe wake. Imezeeka, imeshambuliwa na chulebuni na kutu ya majani, na yeye hana nguvu ya kuipogoa wala ruhusa ya kuing'oa. Akitaka kupanda miche mipya, huambiwa angoje kikao cha ukoo. Kikao cha ukoo hungoja Krismasi. Krismasi ikifika, wakubwa huzungumzia jengo na makaburi, na habari ya mikahawa huahirishwa mwaka mwingine. Chama hupoteza kilo; mama hupoteza kipato; na ardhi, ambayo watu husema ni haba mno, hukaa nusu imelala.

Kwa hiyo msongamano wa mlimani una sura mbili. Sura ya kwanza ni watu wengi juu ya ardhi kidogo. Sura ya pili ni wenye haki wengi juu ya kila shina. Sura ya kwanza chama cha msingi hakiwezi kuimaliza peke yake. Ya pili kinaweza kuifanyia kazi kubwa.

Kabla ya kueleza namna gani, inafaa kutazama mahali pengine wapatao mifano miwili. Katika kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Viktoria, watu walibanana tangu zamani. Wakajifunza kufuga ng'ombe ndani, kukusanya samadi, kupanda marejea ili kurutubisha mashamba ya uwele, na kuitunza miti kama mali ya mtu. Ardhi yao haikufa. Lakini jasho lililotoka lilikuwa jingi kuliko mavuno, na wengi wakahamia bara ambako saa moja ya jembe ilileta chakula zaidi. Ukara inafundisha kwamba ardhi huweza kuokolewa kwa kazi, ila kazi isiyolipa hukimbiza vijana.

Mfano wa pili ni Machakos nchini Kenya. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliyaona makorongo ya huko wakasema nchi inakwisha. Kati ya wakati huo na mwaka 1989 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado vilima vilivyokuwa uchi vikavikwa matuta. Wakulima walichimba matuta ya fanya juu kwa vikundi vyao vya mwethya, wakapanda miti, wakalima kahawa, matunda na mboga. Haikuwa miujiza. Walikuwa na haki ya kuaminika juu ya ardhi, soko la Nairobi lilikuwa karibu, na fedha iliyotoka mjini ilirudi shambani kununua majembe na kulipa vibarua. Machakos inafundisha kwamba wingi wa watu waweza kuwa mikono, endapo haki iko wazi na kazi inalipa.

Sasa, chama cha msingi kifanye nini?

Jambo la kwanza ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la wanachama lisiishie kwenye jina na kilo. Lioneshe ukubwa wa kipande, idadi ya mikahawa, umri wake, nani hasa anailima, na nani ameandikwa kuwa mrithi wa hisa. Mwanachama anapofariki bila mrithi kuandikwa, fedha zake hukaa na ugomvi huanza. Kuuliza habari za urithi si kumtakia mtu kifo; ni kumwondolea mjane safari kumi za ofisini.

Jambo la pili ni kutenganisha urithi wa haki na ukataji wa ardhi. Si lazima kila mrithi apewe upande wake wa udongo. Ukoo waweza kukubaliana kwamba kihamba kibaki kizima, mmoja akilime, na wengine wapate sehemu yao ya mapato, au wafidiwe kidogo kidogo. Makubaliano hayo yaandikwe, yatiwe sahihi, yashuhudiwe na uongozi wa kijiji, na nakala ikae chamani ili malipo yafuate maandishi. Heshima ya makaburi na ya nyumba ya wazazi haipungui kwa kufanya hivyo. Pengine huzidi, maana kihamba kinachotunzwa ndicho kinachoheshimu marehemu.

Jambo la tatu ni haki ya mwanamke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na kwamba desturi inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Pale ambapo mama au binti ndiye anayelima, basi yeye ndiye aandikwe uanachama, apokee malipo kwa jina lake, na apige kura mkutanoni. Chama kinachopokea kahawa ya mama na kulipa jina la marehemu hakimtendei haki, wala hakijitendei haki chenyewe, kwa kuwa mkopo na mafunzo vinamwendea asiyekuwapo.

Jambo la nne ni kuzalisha zaidi katika udongo uleule. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyoko Lyamungu imetoa aina bora zinazovumilia chulebuni na kutu ya majani, na hivyo kupunguza gharama za dawa. Chama chaweza kuwa na kitalu chake, na kubadilisha mikahawa safu kwa safu ili mkulima asikose mavuno yote kwa wakati mmoja. Vijana wachache waliopo wafundishwe kupogoa na walipwe na chama kwa kazi hiyo katika vihamba vya wazee, gharama zikikatwa kidogo kidogo katika malipo ya msimu. Kwa njia hiyo mikono michache inatumika kwa wengi, na kijana anapata sababu ya kubaki.

Jambo la tano ni maji na miti. Chama kisikae mbali na kamati ya mfongo. Mfereji wa udongo hupoteza maji njiani. Zamu zisizofuatwa hupoteza undugu. Kitalu cha kahawa kiwe pia kitalu cha miti ya kivuli, ya mbao na ya majani ya ng'ombe, ili mama asilazimike kuupanda msitu kwa siri.

La mwisho ni la nyumbani. Hakuna chama kinachoweza kumwamuru mtu idadi ya watoto, wala hakifai kujaribu. Lakini wazazi wanaweza kufanya hesabu ile ya mita 26 kwa mita 26, wakaiona wao wenyewe. Uzazi wa mpango, elimu ya watoto wa kike na wa kiume, na ufundi usiotegemea udongo, ni sehemu ya utunzaji wa ardhi sawasawa na samadi.

Ndugu Wanachama, wazee walioanzisha ushirika walikuwa na ardhi ya kutosha na bei mbaya. Wakaungana kutafuta bei. Wajukuu wao wana ardhi isiyotosha, na bei inayopanda na kushuka bila kuwauliza. Dawa ni ileile ya kuungana, ila safari hii muungano hauanzii mizanini, unaanzia kihambani, kati ya ndugu na ndugu. Kihamba hakizai kihamba. Ndugu wanaokubaliana, wakaandika walichokubaliana na kukifuata, ndio wanaoweza kukifanya kile kimoja kiwatoshe zaidi ya kilivyowatosha jana. Makatibu watakaporejea vyamani, na waufungue ukurasa wa kwanza wa daftari, watafute jina la mwanachama mzee kuliko wote, kisha wamwendee na kumuuliza kwa adabu: baada yako, nani ataitunza mikahawa hii?